Commandant Jua

Kuna harufu moja inanirudishaka nyuma kila mara: harufu ya sponge ya casque, ile kofia ngumu ya pikipiki, yenye imelala kwa jua. Kila asubuhi napanda moto, pikipiki ya kulipia, kwa kwenda sokoni, na kila asubuhi chauffeur ananipa ile casque ya baclient, yenye bichwa mia moja bilishapita ndani mbele ya kichwa yangu. Unasikia mafuta ya nywele, jasho, moshi, na kitu fulani kama mukate ya jana. Bamama bengine banakataa kuivaa. Mimi naivaa, nafunga macho, navuta pua. Siku moja chauffeur akaniuliza: "Mama, uko unasali?" Nikamujibu: "Hapana, papa. Niko nakumbuka Kingereza yangu."

Alicheka, alifikiri nachezea yeye. Lakini ilikuwa ukweli. Kingereza yangu yote iko inanuka casque.

Niko mutu wa masomo nusu. Nilifika troisième secondaire, halafu masomo iliniacha, ao mimi niliiacha, mpaka leo tunabishana nani alianza. Lakini kuna mwaka moja, nikiwa na miaka kumi na mbili, nilikuwa mutu mwenye kujua Kingereza kuliko bote kwetu Vulamba, mu muji wa Butembo. Ile haikukuwa kazi nguvu: mu avenue yetu hakukuwa mwengine.

Ilikuwa wakati ya vita. Njia ya Butembo na Beni ilikuwa inafunguka na kufunga kama mulango wa nyumba ya mulevi. Kwa mabarrière, kule banafungaka njia, kulikuwa basoda, baaskari bageni benye kusema Kingereza, na Kiswahili yao ilikuwa ya amri tu: simama, toka, kuja. Kila muzazi akaanza kutaka mutoto yake ajue Kingereza. Masomoni tulikuwa na prof moja wa anglais, mutu muzuri, mwenye alikuwa anajifunza somo la leo jana yake. Alitufundisha "stand up" na "sit down". Darasa nzima tulikuwa tunasimama na kukaa, kusimama na kukaa, mpaka benchi zikavunjika. Hivi nilijua "down" ni chini. Ile nilikuwa nayo hakika, matako yangu ilikuwa shahidi.

Miezi ine ya masomo ikatosha kuniharibisha. Nilikuwa nasalimia mbuzi za jirani "Good morning". Nilikuwa namwambia Mukaka "Thank you" akinipa bugali, naye anaitika "Wasingya", aksanti ya Kinande, na kuuliza kama tumbo inaniuma. Mukaka ndiye alizaa papa. Alitoka kwao Vuhovi akakuja kukaa kwetu juu ya vita.

Papa yetu alikuwa anauzisha biazi na poireau, vile vitunguu vya majani. Mara nyingi anapakia kwa camion, anashuka Beni, anarudi kisha siku mbili. Ile mara alishuka, njia ikafunga nyuma yake. Juma moja. Mbili. Tatu. Hakuna habari. Mama hakukuwa mutu wa maneno. Kila mangaribi aliweka chakula ya papa kwa sahani, anafunika na sahani ingine, asubuhi anatupatia sisi batoto tunakula baridi. Hakuna mutu alisema kitu juu ya ile sahani. Mimi nilikuwa nafurahi, juu sehemu ya papa ilikuwa na nyama.

Siku moja, convoyeur, musaidizi wa chauffeur wa camion, akasimama kwetu, akatoa barua ndani ya sanduku ya kiberiti, imekunjwa mpaka imekuwa kama jino. Ilitoka kwa papa. Papa hakujua kuandika, lakini hata tukiijua ile, tulishangaa: barua yote ilikuwa Kingereza.

"Kwa barrière banafungua barua zote," convoyeur akatuelezea. "Ya Français banaikamata, banasema iko na siri ndani. Ya Kingereza banaisoma benyewe, banaachilia. Donc Papa Masika aliomba Zaina, mutoto wa Hadji, amuandikie. Alisomea Uganda, ule."

Hadji alikuwa musafirishaji, Muislamu wa Beni. Papa alikuwa analalaka kwake kila safari.

"Na papa yake iko muzima?" mama akauliza, akinionyesha mimi.

"Mimi sikumuona, mama. Barua nilipewa na mwengine, imeshamaliza siku tano njiani." Akaruka kwa camion, akaenda.

Basi batu bote bakanigeukia mimi, Masika. Mama, Mukaka, na jirani yetu Mama Kahambu, mwenye kila habari ilipitia kwake mbele ya kufika kwa wenyewe. Mutoto wa Kingereza, saa yako ilifika.

Nikakimbia kuomba dictionnaire kwa jirani. Ilikuwa dictionnaire ya kweli, lakini iliishia kwa P, juu mama moja wa karanga alikuwa amefungia karanga zake ndani ya makaratasi ingine. Kila neno yenye kuanza na Q mpaka Z ilikuwa imeliwa na Butembo. Nikakaa kwa ngazi ya nyumba, nikaanza kuchimba.

Barua ilikuwa fupi. Neno la kwanza nilifaulu: niko Beni. La pili likanifunga. Naandika vile ilikuwa, juu sitaisahau: "The sun beats down on us from morning." Kisha ikaendelea: sitoki inje, niko ndani ya nyumba ya Hadji, munitumie kofia yangu.

"Sun" niliijua, prof alituchorea kwa tableau, muviringo na miguu miguu: jua. "Beat" ilikuwa ndani ya dictionnaire, mbele ya P, Mungu asaidie: kupiga, kuchapa, kushinda mutu kwa vita. "Down", matako ilikuwa shahidi. "Us" ni sisi. "Morning" hata mbuzi zilijua.

Jua. Inapiga. Chini. Sisi. Asubuhi.

Ao: Jua *anapiga* chini sisi?

Muone vile shida ilikuwa ndogo. Ilikuwa herufi moja tu. Kiswahili yetu, hata ikiwa imevunjika namna gani, inakulazimisha useme: iko kitu ao iko mutu? Inapiga, ao anapiga? Kingereza yenyewe haisemi. Inakuachia wewe na miezi yako ine. Nikafikiri sana. Jua kama kitu itapiga batu chini namna gani? Kwetu Butembo jua haijui kupiga mutu. Asubuhi kuko ukungu, batu banavaa pull-over, na saa sita jua ikitoka inakupapasa mabega tu, kama bibi mwenye huruma. Tena mbele yake kulikuwa "The". Prof alisema "the" ni "le". Na Français inawekea mutu gani "le"? Le Président. Le Commandant.

Ile wakati bacommandant bote balikuwa na majina ya kuogopesha. Kulikuwa Commandant Radi, kulikuwa Commandant Nyoka. Mbona asikuwe mumoja mwenye kuitwa Jua?

Nikasimama na barua, nikasoma kwa sauti ya padri: "Niko Beni. Commandant Jua anatupiga mpaka chini tangu asubuhi. Sitoki inje. Nimejificha kwa Hadji. Munitumie kofia."

Mukaka akashika kichwa. Mama Kahambu, yeye, alipiga mikono:

"Jua! Ule mushenzi! Mi namujua, Jua!"

"Unamujua?" Mukaka akauliza.

"Namujua vizuri! Murefu, macho mekundu, jino ya dhahabu hapa pembeni. Shemeji yangu alimuona. Akikuangalia tu, unatoka jasho!"

Kuhusu jasho, hakudanganya.

Kisha siku mbili, avenue nzima ilijua. Bamoja balisema Jua anapanda kuja Butembo. Mwengine akasema ameshafika, lakini anajificha nyuma ya mawingu, na kama ile ilikuwa jina ya kijiji, hatukujua gani. Mukaka akashika chapelet, rozari yake, kila mangaribi anapiga magoti: "Bwana, umushushe Jua, umuondoshe mbele yetu." Na kweli Mungu alikuwa anamusikia, kila siku, saa kumi na mbili.

Mama akatoa kofia ya papa kwa musumari. Ilikuwa kofia ya kitambaa, nyepesi, ya kwenda nayo shambani. Akaigeuza-geuza mukononi.

"Hii itamusaidia nini kwa fimbo?"

Akairudisha kwa musumari, akaenda kwa kaka yake mwenye alikuwa anatengeneza moto, akarudi na casque. Nyekundu, haina kioo, na ufa moja nyuma. Mi nikaona mama iko na akili kabisa.

Kisha akawasha makaa, akatia ndani ya pasi, akaanza kupiga pasi costume nyeusi ya papa. Papa alikuwa na costume moja tu, koti na suruali yake, ya Paska na Noeli. Akanyoosha na shati nyeupe, na soksi. Soksi! Akakunja yote polepole ndani ya kitenge, akaweka ndani ya kitunga, chini kabisa. Nikamuuliza: "Mama, costume ya nini?" Akanijibu bila kuniangalia: "Akuwe safi." Nikafikiri ni juu ya kusimama mbele ya commandant. Mukubwa anapendaka batu safi.

"Na weye Masika, jitayarishe," akaniambia. "Tunashuka pamoja. Ule mutu anasema Kingereza. Weye ndiye utamuambia."

Kusomea mama yangu barua kwa ngazi, ile ni kitu kimoja. Kusemea na Commandant Jua mwenyewe! Usiku wote nilitunga neno langu: "Good morning Commander Sun. Please not beat my father down." Kwa "not" sikukuwa hakika, lakini nilifikiri nikilia pale pale, grammaire itapona.

Kisha njia ikafunguka kidogo. Tukapanda camion moja ya Hadji, juu ya magunia ya vitunguu: mama, mimi, casque, kitunga, na kuku moja ya kumupatia commandant. Tukashuka mulima wa Kabasha, pull-over yangu ikaanza kunichoma. Nikaivua. Hewa ilikuwa inakuwa nzito, ya moto, vitunguu vikaanza kutoa harufu kama vinapikwa. Sikujali. Nilikuwa narudilia neno langu na midomo, kuku inaniangalia.

Mbele ya kufika Beni, barrière. Saa sita kamili. Musoda moja kijana alikuwa amekaa chini ya kibanda cha majani, anakula muhindi ya kuchoma. Batu bakashuka kuonyesha makaratasi. Mama akashuka na kitunga, kuku kwa kwapa, casque mukononi, akanisukuma mbele.

"Masika, muulize mukubwa yake iko wapi."

"Mama, tufike kwanza kwa papa..."

"Hatufiki kwa papa yako mbele ya kumuona ule mutu. Uliza."

Nikasimama mbele ya musoda. Neno langu lote likakimbia. Lilibakia kipande tu: "Good morning, sir. Please, where is The Sun?"

Aliacha kutafuna. Akaangalia mimi. Akaangalia kuku, akaangalia casque nyekundu. Kisha, polepole, akanyoosha mukono yenye muhindi, akaonyesha mbinguni.

"There," akasema.

Mama akafuata muhindi na macho. Nyuma ya barrière kulikuwa kilima.

"Anakaa kule juu?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Anakaa juu."

"Mbali?"

"Mbali sana."

"Basi tupande."

Akafunga kitenge nguvu, akaanza kwenda. Hatua moja, mbili, tatu, anaelekea kilima na kuku ya commandant. Chauffeur akapiga kelele: "Mama! Unaenda wapi? Panda gari!" Hakugeuka.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale inje ya kibanda, na kitu kilikuwa kinanipiga. Kwa shingo. Kwa nywele. Kwa masikio. Hakikukuwa kinapapasa kama kule kwetu. Kilikuwa kinatoka juu, kinashuka, kinagonga, kinagonga tena. Nikainua macho na jua ikanichapa kofi ya uso. Beats. Down. Kumbe "down" haikukuwa pale mutu anaangukia. Ilikuwa njia yenye fimbo inapitia.

Nikakimbia, nikamushika mama kitenge.

"Mama. The Sun... hapana mutu."

"Ni nini?"

"Ni jua. Ile ya juu. Inapiga. Papa alisema kuko joto."

Mama akaweka mukono juu ya macho, akaangalia mbinguni kwa murefu, kama mutu anachunguza kama ile nayo haiko uongo mwengine.

"Hii hii?"

"Hii hii, mama."

"Yenye tunaanikaka nayo mihogo?"

"Ndiyo, mama."

Hakunipiga. Ningependa anipige. Alikaa chini pale njiani, na kuku yake, mabega yakatetemeka. Nilifikiri anacheka, juu batu bote kwa camion balikuwa bameanza kucheka, na musoda alikuwa ameacha muhindi, anajishika mbavu. Kisha mama akasimama, akapangusa uso na pembe ya kitenge, akachukua casque, akanivalisha. Akafunga kamba chini ya kidevu.

"Utaivaa mpaka Beni."

"Mama, kuko joto!"

"Vaa. Commandant Jua asikupige."

Hivi niliingia Beni, juu ya vitunguu, na kichwa nyekundu yenye kupikwa, pua yangu ndani ya ile harufu ya sponge. Batoto ba njiani bananikimbilia, banapiga kelele: "Pilote! Pilote!"

Papa alikuwa muzima. Tulimukuta kwa lupango, uwanja wa nyumba ya Hadji, amekunja taulo juu ya kipara yake kama muuzishaji wa samaki. Akaruka, akatukumbatia, kisha akatafuta-tafuta mukononi mwa mama.

"Na kofia yangu?"

Mama akanionyesha na kidole. Habari ikatoka yote, na Hadji mwenyewe alicheka mpaka akaketi. Kuku ya Commandant Jua ilichinjwa na kijana yake, tukaikula bote pamoja na muchele.

Zaina, musichana mwenye aliandika barua, hakucheka. Alikuwa na haya. "Masomoni kwetu," akaniambia, "kila rédaction, kila insha, inaanza hivi. The sun was beating down. Bila ile, mwalimu hakupi points." Kisha akanielezea kitu chenye prof yangu hajafikia: Kingereza inachukuaka verbe ndogo, inaitia mukia, na mukia ndiyo inageuza kichwa. Break, unavunja. Break down, gari imekufa njiani. Nikashangaa sana. Nikafikiri: sisi mukia tunaiingiza ndani ya neno. Kupiga, kupigwa, kupigana, kupigisha. Halafu nikakumbuka kitu cha kunimaliza: Mukaka mwenyewe, kila siku ya kuanika mihogo kwake Vuhovi, alikuwa anasemaka "leo jua inapiga". Neno la Kingereza lilikuwa kinywani mwa Mukaka. Mi nilienda kulitafuta ndani ya dictionnaire yenye imefungia karanga.

Ile mangaribi papa akafungua kitunga, akatoa costume.

"Mama Masika! Hii ni ya nini? Kuko ndoa?"

"Ni ya misa," mama akasema, akaichukua mukononi mwake haraka.

Papa akaangalia soksi. Akaacha kucheka. Mi nilifikiri costume haimupendezi juu ilikuwa imekunjamana.

Tulirudi Butembo bote batatu, njia ilipokubali. Kwa miaka mingi nilibakia "Commandant" kwa avenue. Hata Mama Kahambu alikuwa ananiita vile, yeye mwenye alimuona na jino ya dhahabu.

Papa alikufa juzi-juzi, mu kitanda yake, amezeeka, hakuna mutu alimupiga. Asubuhi ile mama aliwasha makaa. Akatoa costume nyeusi kwa sanduku, akaiweka kwa meza mbele yangu, na shati nyeupe, na soksi. Nikashika pasi. Nikaangalia soksi, na mukono yangu ikasimama.

"Mama," nikasema. "Ile siku ya Beni."

Alikuwa anakunja kitenge.

"Ulibeba hii. Na casque. Zote mbili."

"Sikujua nitakuta nini," akasema.

Nilikuwa nimesimama mbele ya ule musoda wa muhindi ya kuchoma, na neno moja baya la Kingereza, na ninaogopa grammaire. Yeye alikuwa anapanda kilima, na nguo ya kuzika bwana yake ndani ya kitunga, anaenda kumuona mutu mwenye pengine alishamuua, na kuku kwa kwapa. Na ule mutu, mimi ndiye nilimutunga kwa ngazi ya nyumba, na herufi moja.

Nilitaka kumuomba samahani. Mi mutu wa mizaha sijui vile banafanyaka. Mama akatoa shati mukononi mwangu, akaigusa.

"Bado iko na umajimaji," akasema. "Anika inje kwanza. Leo jua inapiga."